Wimbo Usionigharimu Kitu

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 20:15, Walawi 6:1–5, Kumbukumbu la Torati 23:24, 25, 2 Samweli 24:18–25, Mithali 28:3, Yeremia 22:13, 1 Wakorintho 9:7–18, Yakobo 5:4.

Msafiri anayetoka Dodoma kwenda Singida hufika njia panda ya Mkiwa, mahali ambapo barabara ya Itigi na Rungwa, ile iendayo mpaka Chunya na Mbeya, inaachana na barabara kuu. Hapo utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya lami, chupa za asali, na kuku wa kienyeji ndani ya matenga. Siku hizi utaona pia kibanda chenye kompyuta moja na spika mbili, na maneno yaliyoandikwa kwa mkono: “Tunaingiza nyimbo.” Unatoa flash au kadi ya simu yako, unataja nyimbo unazotaka, na kwa fedha isiyofika bei ya sahani ya wali unaondoka na mamia ya nyimbo. Ukiuliza nyimbo za Kiadventista, zipo. Kwaya za Dar es Salaam zipo, za Mwanza zipo, na za Kigali zipo.

Miaka michache iliyopita kwaya ya kanisa letu iliamua kurekodi nyimbo zake kumi. Hawakuwa na mfadhili. Akina mama waliuza kuku, vijana wakafanya vibarua vya kupura alizeti, mwalimu wa kwaya akauza mbuzi wawili. Walilipa nusu ya gharama ya studio, na nusu iliyobaki wakaahidi kuilipa baada ya uzinduzi. Kwa kuwa ninahudumu katika elimu ya kanisa, walinipa nakala mapema ili niyapitie maneno na kuona kama mafundisho yamekaa sawa. Niliyapitia. Yalikuwa sawa, na nyimbo zilikuwa nzuri mno. Usiku ule ule nikamrushia dada yangu aliyeko Itigi, kisha shemeji yangu, kisha rafiki mmoja tuliyesoma naye. Sikuuza. Niliandika tu kwamba wasikilize jinsi Bwana anavyotubariki huku Mkiwa.

Siku tatu kabla ya uzinduzi nilishuka kwenye basi pale njia panda, nikasikia sauti ya mwimbaji wetu ikitoka kwenye spika za kile kibanda.

Siku ya uzinduzi watu walikuja. Walikula, wakapiga makofi, wakasema “Amina” kwa sauti. Lakini walionunua walikuwa wachache. Wengi walisema kwa uso mkunjufu, “Hizo tunazo tayari.” Deni la studio likabaki. Sabato iliyofuata mwalimu wa kwaya aliuliza, kwa upole, kama kuna anayejua nyimbo zilitokaje. Nilikuwa nimekaa mbele pamoja na wazee wa kanisa. Nikanyamaza.

Ninaandika somo hili kwa sababu ya ukimya ule. Swali lililo mbele yetu ni hili: Je, kupakua wimbo, kuunakili na kumrushia mwenzako bila kumlipa mwenye wimbo ni wizi? Na kama ni wizi, ni kitu gani kilichoibwa, ikiwa mwenye wimbo bado anao wimbo wake?

“Hakuna kilichopungua”

Hoja ya kwanza ambayo vijana wetu huileta, nayo ni hoja nzuri, ni kwamba nakala haimpunguzii mtu kitu. Ukichukua dumu la mafuta la mama pale barabarani, mama hana dumu tena. Ukinakili wimbo, wa kwake upo na wa kwako upo.

Tusiipite hoja hii haraka. Kama tungeweza kunakili uji kama tunavyonakili wimbo, hakuna mtoto ambaye angelala njaa, nasi tungemshukuru Mungu. Bwana Yesu aliizidisha mikate mitano ikalisha maelfu, na hatusomi kwamba mwokaji yeyote alilalamika. Lakini soma tena Yohana 6:9. Mikate ile ilikuwa na mwenyewe, kijana mmoja aliyekuja nayo. Kuzidisha kulianzia kwenye kile kilichokuwa mkononi mwake.

Kisha soma Kutoka 20:15. Amri ya nane ni fupi kuliko karibu amri zote, na haitaji kitu kinachoibwa. Amri ya kumi inataja nyumba, mke, mtumwa, ng'ombe na punda. Ya nane haitaji chochote. Manabii na mitume walielewa upana wake. Soma Yeremia 22:13, mahali ambapo nabii anatamka ole juu ya mfalme anayejenga nyumba kwa kazi ya jirani yake asiyemlipa. Mfalme yule hakubeba matofali ya mtu usiku. Alichukua kazi. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unalia, na kilio kinafika masikioni mwa Bwana. Jioni ile mkulima aliyevuna bado ana mikono yake miwili na nguvu zake. Kwa macho hakuna kilichopungua. Kilichopungua ni alichostahili kupokea.

Wimbo una gharama mbili. Gharama ya kwanza ni ya kuuzaa: mazoezi ya miezi, nauli, studio, mpiga kinanda, chakula cha waimbaji. Gharama ya pili ni ya kutoa nakala, nayo siku hizi ni karibu na sifuri. Tunapotazama gharama ya pili peke yake tunasema, “Hii haina kitu.” Lakini bei ya nakala si bei ya nakala tu. Ni njia ya wasikilizaji wengi kuchangia gharama ya kwanza, kila mmoja kidogo. Anayechukua bila kutoa hajachukua wimbo. Ameuacha mzigo wake kwenye mabega ya wengine. Katika kisa chetu mabega hayo yalikuwa ya mwalimu wa kwaya na mbuzi wake wawili.

Tafakari: Je, kuna mtu ambaye unafurahia kazi yake kila siku, na hujawahi kujiuliza nani aliibeba gharama yake?

“Lakini Injili ni bure”

Hoja ya pili ni ya kiroho zaidi, na ndiyo iliyonidanganya mimi. Nyimbo zile zinamhubiri Kristo. Kristo aliwaagiza wanafunzi wake watoe bure kama walivyopokea bure (Mathayo 10:8). Isaya 55:1 inawaalika wasio na fedha. Basi ni nani awezaye kuweka bei kwenye wimbo wa msalaba? Anayeusambaza si mwizi, ni mwinjilisti.

Soma 1 Wakorintho 9:7–18 polepole. Paulo anapanga mifano kama mwanasheria: askari, mpanda mizabibu, mchungaji wa kundi, ng'ombe apuraye nafaka, makuhani wa hekalu. Wote wanaishi kwa kazi yao. Anasema wazi kwamba Bwana ameagiza wahubirio Injili wapate riziki kwa hiyo Injili. Ndipo anasema kwamba yeye binafsi hakuitumia haki hiyo. Angalia mpangilio: kwanza haki inathibitishwa, kisha mwenye haki anaiachilia. Paulo hakuiachilia haki ya Barnaba. Wala Wakorintho hawakuwa na ruhusa ya kumwambia Paulo, “Kwa kuwa Injili ni bure, nasi tumeamua kwa niaba yako kwamba hutapokea kitu.” Zawadi hutolewa na mwenyewe. Nikitoa cha mwenzangu, hata kwa nia njema, sijawa mkarimu. Nimekuwa mkarimu kwa mfuko wa mtu mwingine.

Historia ya kanisa letu inatoa mfano ulio wazi. Mwaka 1900 Ellen White alitoa kitabu chake kuhusu mifano ya Kristo, Christ's Object Lessons, na akaachilia mapato ambayo yangemjia kama mwandishi, ili mauzo yasaidie kulipa madeni ya shule za kanisa. Washiriki walikiuza nyumba kwa nyumba. Ile ilikuwa sadaka halisi, kwa sababu mapato yale yalikuwa yake kwanza. Na tusidhani kwamba waanzilishi wetu hawakuijua upande mwingine wa jambo hili. Mpwa wake, F. E. Belden, mmoja wa watunzi wakubwa wa nyimbo za Kiadventista wa kizazi kile, aliingia katika kutoelewana kwa uchungu na wachapishaji wa kanisa kuhusu malipo ya vitabu vyake vya nyimbo, na uhusiano wake na kanisa ukaumia. Mtu aliyewafundisha maelfu kuimba alibaki na jeraha. Mambo ya ujira wa mtunzi si mambo madogo ya kidunia yasiyogusa roho. Yanaweza kuvunja ushirika.

“Sina fedha, nisingenunua hata hivyo”

Hoja ya tatu ni ya umaskini, na hapa kwetu hatuna haki ya kuicheka. Kuna bibi kijijini ambaye faraja yake ya jioni ni redio ndogo yenye kadi ambayo mjukuu wake amemwingizia nyimbo. Mvua ikikosekana mwaka huu, hata sadaka yake ni kuku. Je, tumwambie naye kwamba ni mwizi?

Hapa torati inatusaidia kwa namna ya ajabu. Soma Kumbukumbu la Torati 23:24, 25. Mwisraeli aliruhusiwa kuingia katika shamba la mizabibu la jirani na kula zabibu mpaka ashibe, lakini asitie chomboni. Aliruhusiwa kukwanyua masuke kwa mkono, lakini asiingize mundu. Hii ndiyo sababu wanafunzi wa Yesu walipokwanyua masuke siku ya Sabato (Mathayo 12:1, 2), Mafarisayo waliwashtaki kuhusu Sabato. Hawakuwashtaki kwa wizi. Kila mtu alijua kwamba mkono unaruhusiwa.

Mungu, mwenye shamba lote, aliweka nafasi kwa ajili ya mpita njia mwenye njaa. Lakini akaiwekea mpaka: mkono ndiyo, chombo hapana, kushiba ndiyo, kuvuna hapana. Naona mwanga hapa kwa swali letu. Bibi anayesikiliza, jirani anayekuja kusikiliza kwako, familia inayoimba pamoja na simu moja mezani, hao wanakula kwa mkono. Kibanda kinachojaza flash mia kwa wiki kimeingiza mundu. Na mimi? Sikuuza hata wimbo mmoja, lakini nilichukua kabla ya mwenye shamba kuanza kuvuna, nikamtilia mwingine chomboni, naye akamtilia mwingine. Mundu wa siku zetu ni kidole gumba kinachobonyeza kitufe cha kutuma.

Wala tusisahau kwamba kwaya nyingi siku hizi zinaweka nyimbo zao zenyewe YouTube ili kila mtu asikilize. Hapo mwenye shamba amefungua lango. Najua hoja ya bando: kusikiliza huko kila siku kunakula fedha, na wimbo uliopakuliwa hauli kitu. Ni kweli. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kula si ruhusa ya kubeba gunia. Kama gunia ni la lazima, muulize mwenyewe. Kwaya nyingi zina namba ya simu iliyoandikwa pale pale chini ya wimbo. Ujumbe mmoja unatosha, na mara nyingi jibu litakuwa, “Chukua, Mungu akubariki.” Ukishapata jibu hilo, ulichonacho ni zawadi.

Maskini kumwonea maskini

Baadhi yetu tunajipa moyo kwamba kuchukua nyimbo ni kuwaadhibu matajiri. Tunasikia visa kama cha Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu aliyerekodi wimbo “Mbube” mwaka 1939 kule Johannesburg. Aliachia haki za wimbo ule kwa malipo madogo ya mara moja. Wimbo ukazunguka dunia kwa jina jingine na maneno ya Kiingereza, wengine wakapata utajiri, naye akafa mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walisubiri mpaka mwaka 2006 ndipo mapatano ya malipo yakafikiwa. Tukisikia kisa hiki tunakasirika, na tuna haki ya kukasirika.

Lakini soma Mithali 28:3. Mwenye hekima anamzungumzia maskini anayewaonea maskini, naye anamfananisha na mvua ya kasi isiyobakiza chakula. Sisi watu wa Singida tunaijua mvua hiyo. Tunaomba mvua miezi mingi, kisha inakuja siku moja kwa nguvu, inabeba mbegu na udongo, na shamba linabaki tupu. Ilikuwa mvua tuliyoiomba, na imetuachia njaa. Hivyo ndivyo upendo wangu kwa kwaya yetu ulivyokuwa. Ulikuwa upendo wa kweli, na ulibeba mbegu zao.

Nchi yetu ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na COSOTA ndiyo inayosimamia haki hizo. Sheria inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Mkristo anapaswa kuijua na kuitii (Warumi 13:1–7). Lakini kama tungengoja polisi wafike Mkiwa kukagua kadi za simu zetu, tungengoja sana. Amri ya nane haingoji. Inafanya kazi usiku, mtu akiwa peke yake na simu yake.

Uwanja wa kupuria wa Arauna

Soma 2 Samweli 24:18–25. Daudi anataka kumjengea Bwana madhabahu. Arauna anampa vyote bure: uwanja, ng'ombe, hata vyombo vya kupuria na nira viwe kuni. Anatoa kwa hiari, kwa moyo mweupe. Daudi angeweza kupokea bila dhambi yoyote. Lakini anakataa kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, naye analipa shekeli hamsini za fedha.

Kama Daudi alikataa cha bure kilichotolewa kwa hiari, sisi tutasema nini tunapopanda madhabahuni na kile ambacho mwenyewe hakukitoa? Wimbo unaopigwa kanisani kabla ya ibada, wimbo unaowavuta watu kwenye mahubiri ya effort, hiyo ni sadaka. Mungu hasikii sauti tu. Anajua ilikotoka.

Nilikaa kimya kwa majuma matatu. Walawi 6:1–5 ndiyo iliyonivunja. Aliyemdhulumu mwenzake arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, tena ampe mwenyewe siku ile ile anayoleta sadaka ya hatia. Nilijaribu kupiga hesabu yangu. Niliwahesabu niliowatumia: watatu. Lakini dada yangu alimtumia nani? Na huyo alimtumia nani? Wa nne sikuweza kumjua, wala wa mia. Hapo nikaelewa jambo ambalo diploma yangu ya theolojia haikunifundisha: kuna madeni ambayo mtu anaweza kuyaungama yote, lakini hawezi kuyahesabu yote.

Nilikwenda mazoezini jioni ya Jumatano, nikasimama mbele ya kwaya, nikasema, “Ni mimi.” Nikaweka mezani nilichokuwa nacho, ambacho hakikutosha. Walikuwepo vijana niliowafundisha Amri Kumi tangu wakiwa watoto. Mwalimu wa kwaya alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mzee, tulijua. Tulikuwa tunakuombea useme.” Deni la studio tulilimaliza pamoja baada ya mavuno mawili ya alizeti. Yule kijana wa kibandani nilimwendea pia. Hajaacha kazi yake, lakini nyimbo za kwaya yetu haziuzi tena, na mtu akiziuliza anampa namba ya mwalimu.

Sijamaliza maswali yote. Sijui bado niseme nini juu ya nyimbo za zamani zilizo kwenye simu yangu, ambazo sikumbuki zilitoka wapi, na waimbaji wengine wamelala mautini wakingoja ufufuo. Najua tu kwamba siku ile tutakapokutana nao mbele ya kiti cha enzi, ningependa kuimba pamoja nao nikiwa na uso mkunjufu.

Kwa juma hili: Chagua kwaya au mwimbaji mmoja ambaye nyimbo zake unazo bila kuzilipia. Tafuta namba yake. Mwandikie kumshukuru, mweleze ulivyozipata, na muulize ni nini unachoweza kutoa.

Maswali ya kujadili

1. Tofautisheni “kula kwa mkono” na “kuingiza mundu” katika matumizi ya nyimbo leo. Mshiriki anayewatumia nyimbo watu 200 wa kundi la WhatsApp la kanisa yuko upande gani?

2. Kanisa lenu linapotumia nyimbo za kwaya nyingine katika makambi au mahubiri, nani anaombwa ruhusa? Kama hakuna, mnaweza kuanzia wapi?

3. Baadhi ya kwaya zenyewe hutumia tuni za watu wengine bila kuuliza. Soma Mathayo 7:12. Kwaya inayolalamika kuibiwa ijichunguze vipi?

4. Mtu asiye na fedha kabisa anahitaji faraja ya nyimbo za Injili. Ni wajibu wa nani kuhakikisha anazipata bila mtu mwingine kudhulumiwa?

5. Soma Luka 19:8. Tunarudishaje tulichochukua, pale tusipoweza kuhesabu ni kiasi gani wala kumjua kila tuliyemuumiza?